Kabla ya mashine ya kufulia, tazama bomba lako

Anayeingia Kariakoo kutafuta mashine ya kufulia hupokelewa na swali lilelile karibu kila mlango: "Dada, bajeti yako iko ngapi?" Muuzaji hakosei kuuliza, ila swali hilo limewahi mno. Kabla ya bajeti yapo mambo matatu ambayo muuzaji hawezi kuyaona kutoka pale alipo: maji yanaingiaje nyumbani kwa mteja, LUKU yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, iko kwenye kundi gani la bei, na fundi wa mtaani kwake amezoea kufungua mashine ya aina gani. Mwenye fedha za kutosha hasumbuliwi sana na hayo. Atanunua pampu, atanunua stabilaiza, na mashine ikifa ataleta nyingine. Mwenye laki nne alizopokea zamu yake ya upatu ilipofika hana nafasi ya pili, na mambo hayo matatu ndiyo yatakayoamua kama fedha yake itafua nguo kwa miaka au itageuka meza ya kuwekea ndoo pembeni ya choo.

Naandika nikiitazama Dar es Salaam, mji wenye mgawo wa maji, visima vya maji ya chumvi na umeme unaopanda na kushuka. Wa Tanga, Mombasa na Unguja watajiona humu bila shida.

Wapo bado wanaoiona mashine ya kufulia kuwa anasa, tena mara nyingi ni wale wasiofua. Familia ya watu sita ina sare za shule, soksi, shuka, taulo, neti na nguo za kazi, na mzigo huo kwa kawaida humwangukia mama, binti mkubwa au dada wa kazi. Kuloweka, kufikicha, kukamua, kusuuza mara mbili, kukamua tena, kuanika: Jumamosi inakwisha mtu akiwa ameinama juu ya beseni. Shuka kubwa ya pamba ikishalowa huhitaji watu wawili kuikamua, mmoja huku na mwingine kule, kila mmoja akisokota upande wake. Hans Rosling, daktari na mtakwimu wa Sweden aliyewahi kufanya kazi Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, alitoa mhadhara mwaka 2010 kuhusu mashine ya kwanza ya mama yake. Bibi yake, aliyekuwa amechemsha maji ya kufulia kwa kuni maisha yake yote, aliomba abonyeze kitufe yeye mwenyewe, kisha akakaa mbele ya mashine akiitazama mpaka ikamaliza. Muda uliookolewa mama aliutumia kumsomea mtoto vitabu. Sioni anasa hapo. Mkono uliopasuka kwa sabuni na mgongo unaouma Jumapili asubuhi ni gharama, hata kama hakuna anayeiandikia risiti.

Sokoni kuna aina tatu za kuzingatia. Ya kwanza ni ya matangi mawili: upande mmoja tangi la kufulia lenye sahani ya mapanga chini inayoyazungusha maji, upande wa pili kikapu chembamba cha kukamulia. Maji unajaza wewe kwa ndoo au mpira, taima unageuza wewe, na nguo unazihamisha wewe kwa mkono. Ya pili ni ya otomatiki yenye mfuniko wa juu, ambayo hujaza maji, hufua, husuuza na kukamua ndani ya pipa moja. Ya tatu ni ya mlango wa mbele, ambayo pipa lake limelala. Kwa bei ya mashine moja mpya ya mlango wa mbele, mara nyingi mtu anaweza kununua mbili za matangi mawili na kubakiwa na nauli ya kirikuu.

Ukizilinganisha kwa usafi peke yake, ya mlango wa mbele inashinda. Nguo huinuliwa na kudondoshwa ndani ya maji machache yenye sabuni kali, haziviringani sana, na kola hutoka safi. Kama nyumba yako ina maji yenye presha siku zote na umeme uliotulia, na fedha inaruhusu, inunue bila kusita. Ugumu ni kwamba sifa hizo zote zimejengwa juu ya nyumba ambayo watu wengi wa Dar hawana.

Maji kwanza, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mashine ya otomatiki haina mkono wa kuteka. Ina vali ndogo ya umeme inayofunguka na kusubiri maji yaingie kwa nguvu yake yenyewe. Vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi hutaja presha ya chini kabisa ya baa 0.3 hadi 0.5. Kwa lugha ya nyumbani: kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban baa moja, kwa hiyo simtanki inayolisha mashine inapaswa kuwa mita 3 hadi 5 juu ya vali. Sasa tembea uswahilini ukatazame simtanki zilivyokaa. Nyingi zimewekwa juu ya kozi chache za matofali, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Bomba likifunguliwa maji yanatoka, ndoo inajaa taratibu, na mwenye nyumba anaamini maji anayo. Mashine ikifungwa pale inasubiri, inasubiri, kisha inatoa alama ya hitilafu kwenye kioo chake na kusimama. Mteja anarudi dukani kulalamika kuwa kauziwa mbovu, wakati mashine ni nzima kabisa.

Kipimo chepesi hakihitaji fundi. Kabla ya kwenda dukani, weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba ambalo mashine itaunganishwa nalo, fungua mpaka mwisho, tazama saa. Ikichukua zaidi ya dakika tatu kujaa, achana na otomatiki, au ongeza bei ya pampu ndogo ya kusukuma maji kwenye hesabu yako tangu mwanzo, pamoja na umeme wake. Na kama maji yako huletwa kwa toroli la madumu, jibu umeshalipata.

Kiasi cha maji nacho kinahesabika. Mashine ya mlango wa mbele ya kilo 7 hutumia kati ya lita 40 na 60 kwa mzunguko mzima. Ya mfuniko wa juu ya otomatiki hufikia lita 100 hadi 150, na hapo ndipo inapomuumiza anayenunua maji kwa ndoo, kwa sababu kila kusuuza yanamwagwa yote na kuanza upya. Ya matangi mawili kwa mtazamo wa haraka ni mlaji vilevile: lita 40 hivi za kufulia, kisha za kusuuza. Lakini maji yake yako chini ya amri yako, na mama anayejua kufua huyatumia kwa mpangilio ambao hakuna programu ya otomatiki inayouweza. Nguo nyeupe huingia kwanza. Zikimaliza zinahamishiwa kwenye kikapu na kukamuliwa, maji yenye sabuni yakibaki kwenye tangi. Zinafuata za rangi katika maji yaleyale, kisha jinzi na nguo za kazi mwishoni, pengine kwa kuongeza kijiko cha sabuni. Kusuuza kunafanywa kwa mpangilio huohuo. Mafungu matatu yanatoka kwa lita 160 hivi, yaani kama lita 53 kwa fungu, karibu sawa na mashine ghali ya mlango wa mbele. Maji ya mwisho ya kusuuzia yanatumika kudeki sebule na kumwagia choo.

Siri ya mpangilio huo ni kukamua kabla ya kusuuza. Wengi huvuta nguo zikiwa zimejaa povu na kuzitosa kwenye maji safi, halafu wanashangaa mbona wanasuuza mara nne. Dakika mbili za kikapu hutoa sehemu kubwa ya sabuni iliyobaki, na suuza mbili zinatosha. Kumbuka pia kwamba kilo zilizoandikwa kwenye boksi ni za tangi la kufulia. Kikapu cha kukamulia hubeba pungufu ya hapo, na kukijaza kupita kiasi au kukipanga upande mmoja ndiko kunakoifanya mashine irukeruke na kuua beringi zake mapema.

Maji ya kisima ni jambo jingine la pwani. Yakiwa na chumvi, sabuni haitoi povu, na ndani ya mashine ya mlango wa mbele chumvi hula taratibu kile chuma cha aluminiamu chenye mikono mitatu kinachoshikilia pipa kwa nyuma. Siku kinapokatika, pipa linagonga kama ngoma ya unyago na mashine imekwisha. Ya matangi mawili, ambayo mwili na matangi yake kwa kawaida ni plastiki, huvumilia chumvi vizuri zaidi. Kwa mtu wa Kigamboni au Mbagala anayetumia kisima, mimi nalipa uzito jambo hili kuliko wingi wa programu.

Umeme hauogopeshi kama watu wanavyodhani, mradi usiguse hita. Mota ya kufulia ya mashine ndogo hula wati 300 hadi 400, na kwa robo saa hiyo ni sehemu ya kumi ya uniti. Ukiongeza kukamua, fungu zima halifikii uniti 0.2. Hadithi hubadilika mashine inapochemsha maji. Kupasha lita 15 kutoka nyuzi 27 hadi 60 peke yake ni zaidi ya nusu uniti, na mzunguko mzima wa moto waweza kukaribia uniti moja.

Hapa ndipo kundi la LUKU linapoingia. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, kundi la D1, alitozwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi, kabla ya kodi. Wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, alilipa shilingi 292 kwa kila uniti. Familia yenye friji ndogo, taa, televisheni na pasi inaweza kuishi kwenye uniti 65 au 70. Ikifua mara tatu kwa wiki kwa maji baridi inaongeza uniti mbili hivi kwa mwezi na kubaki salama. Ikifua kwa maji moto inaongeza 12 na kuvuka mstari. Ikizoea kuvuka mpaka ikahamishiwa T1, kwa bei hizo zile uniti 75 zilizokuwa 7,500 zinakuwa 21,900: tofauti ya shilingi 14,400 kila mwezi, kwa sababu ya kitufe kimoja cha joto. Kwa hiyo mwenye mashine yenye hita aiweke kwenye baridi na aloweke nguo usiku. Maji ya Dar yana joto la kutosha kuyeyusha sabuni ya unga. Nepi za mtoto na nguo za mgonjwa ndizo zinazostahili moto. Na mashine zenye kikaushio cha joto hazina nafasi kwenye bajeti ndogo ya nchi yenye jua hili.

Umeme una madhara mengine, nayo humpata mwenye otomatiki. Mashine za kisasa zina bodi ya elektroniki, na umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, bodi ndiyo huungua. Matangazo ya "dhamana ya miaka 10" yasomwe kwa makini: mara nyingi miaka hiyo ni ya mota peke yake, na mota ndiyo sehemu isiyosumbua. Bodi ina mwaka mmoja au miwili, na bei yake yaweza kukaribia nusu ya mashine. Mashine ya matangi mawili haina bodi. Ina taima za kuzungusha kwa mkono, kapasita, mkanda na sili, vitu ambavyo fundi wa mtaani anavijua kwa sababu ndivyo anavyovibadilisha kila wiki. Umeme ukikatika katikati ya kufua, unamalizia kwa mkono. Wa mlango wa mbele anabaki na nguo zilizofungiwa ndani ya maji mpaka atafute kifuniko cha chujio chini na kuyamwaga kwenye trei.

Mtumba ndio mtego mkubwa zaidi kwa mwenye fedha kidogo. Mashine ya mlango wa mbele kutoka Ulaya, imeng'arishwa, inauzwa bei ya mpya ya matangi mawili. Inavutia. Kwanza soma kibandiko cha nyuma au cha ndani ya mlango. Tanzania hutumia volti 230 na hezi 50. Mashine ya Uingereza, Ujerumani, Oman au Falme za Kiarabu itakubali. Ya Marekani ni ya volti 120 na hezi 60, ya Japani ni ya volti 100, na ya Saudia ni ya hezi 60. Transfoma hurekebisha volti, haibadilishi hezi, na mota iliyoundwa kwa hezi 60 tu huenda ikazunguka polepole na kupata joto. Ndugu walioko nje wanaopakia mashine kwenye kontena kwa ajili ya wazazi wasome kibandiko kabla ya kulipia nafasi yake melini.

Kisha fungua mlango, shika ukingo wa pipa kwa ndani, ulisukume juu na chini. Pipa lote likicheza pamoja na springi zake, ni sawa. Likilegea peke yake ndani ya nyumba yake, beringi zimekwisha. Lizungushe kwa mkono: lisikike kama upepo, lisisikike kama kokoto. Vuta raba ya mlango uone kama imeoza au ina ukungu mweusi. Omba iwashwe na ikamue kwa kasi yake ya mwisho mbele yako. Fundi mmoja aliyekuwa akiniangalia nikifanya hivyo aliniambia, "Mama, beringi tungekubadilishia, lakini hizi za siku hizi pipa limechomelewa, halifunguki." Anasema kweli. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zina tangi la plastiki lililounganishwa moja kwa moja, na beringi za bei ndogo zikifa, tangi zima linatupwa. Kwa sababu hiyo simshauri mwenye bajeti finyu kununua mtumba wa mlango wa mbele, hata akipunguziwa. Anabeba umri wa mashine asioujua, bila dhamana, kwa kifaa ambacho fundi hawezi kukifungua.

Akishaamua mpya, adai risiti ya EFD na kadi ya dhamana iliyogongwa muhuri siku hiyohiyo, kwani bila karatasi hizo dhamana ni maneno. Wa mlango wa mbele wakumbuke kufungua bolti za usafirishaji nyuma ya mashine kabla ya kuiwasha. Zisipotolewa, siku ya kwanza ya kukamua mashine hutembea sakafuni na kujivunja yenyewe. Wasitumie pia sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, maana povu lake ni jingi na litavuja. Na wote, wa kila aina, wahakikishe soketi ina waya wa ardhi unaofanya kazi. Maji, sakafu ya saruji, miguu peku na mashine inayovuja umeme ni mauti. Ada ya fundi umeme ya kukagua jambo hili ihesabiwe ndani ya bei ya mashine.

Fedha yenyewe inatafutwaje? Tuchukulie familia humlipa dada wa kufua shilingi 10,000 kila wiki. Kwa mwezi ni 40,000, na mashine ya 350,000 inajirudisha ndani ya miezi tisa. Hesabu ni sahihi, lakini upande wa pili yupo mwanamke aliyekuwa akilisha watoto kwa ile 40,000. Nairobi wanamwita mama fua, na yupo kila mji wa Afrika Mashariki. Sisemi mtu asinunue mashine ili kumlinda mwingine aendelee kuumia mikono. Nasema kuna njia ya kati ambayo haijaribiwi vya kutosha: mama huyohuyo akiwa na mashine ya matangi mawili, iliyonunuliwa kwa upatu au mkopo wa kikoba, hufua nyumba tatu kwa siku badala ya moja. Wapangaji wa nyumba moja nao wanaweza kuchanga. Wanne wakitoa chini ya laki moja kila mmoja wanapata mashine, na kwa kuwa fungu halifikii uniti 0.2, ule ugomvi wa LUKU ya pamoja hauna msingi. Wakubaliane tu mapema nani anafua siku gani, na nani analipa mkanda ukikatika.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa mwenye chini ya laki tano na bomba lisilotabirika, ni mashine mpya ya matangi mawili ya kilo 7 au 8, yenye mwili wa plastiki, kutoka duka lenye fundi na vipuri mjini. Asione aibu kwamba atahamisha nguo kwa mkono. Mwenye fedha zaidi na simtanki ya juu asogee kwenye mlango wa mbele. Ile otomatiki ya mfuniko wa juu naipa nafasi ya mwisho kwa anayenunua maji, kwani inakula maji kuliko zote na bado ina bodi ya kuungua.

Na kwenu mnaojenga nyumba za kupangisha sasa hivi: pandisheni simtanki hadi mita nne, acheni tundu la maji machafu ukutani, na wekeni soketi moja yenye waya wa ardhi pembeni ya bafu. Wakati wa kujenga hayo ni gharama ndogo. Mpangaji akishahamia, ukuta umeshapigwa rangi, na atakayeendelea kukamua shuka kwa mkono ni mke wake au binti yake.